Asilimia 18 ya Nini?

Katika ripoti za majaribio ya kilimo hukosi sentensi ya namna hii: ploti zenye matuta yaliyofungwa zilikuwa na unyevu wa asilimia 18, na zile zilizolimwa kwa kawaida zilikuwa na asilimia 15. Anayesoma haraka huridhika kwamba matuta yameshinda. Lakini yule anayetakiwa kuyapeleka matokeo hayo kwa mkulima wa Bahi au Chamwino ana haki ya kuuliza maswali. Asilimia 18 ya uzito, au ya ujazo? Ni udongo wa juu pale jembe linapoishia, au mpaka kina cha mita moja? Siku ngapi zilikuwa zimepita tangu mvua ya mwisho? Sampuli zilitoka mgongoni mwa tuta au ndani ya mfereji? Bila majibu, ile tofauti ya 3 inaweza kuwa habari njema kwa wilaya nzima, na inaweza kuwa si kitu.

Nawaandikia wanafunzi wa shahada ya pili, mafundi sanifu wa vituo vya utafiti na maafisa ugani wanaosimamia mashamba darasa kwenye maeneo yenye ukame. Sehemu hizo hazina mvua ya kupoteza. Dodoma hupata msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na wastani wa mwaka unazunguka kwenye milimita 550 hadi 600. Mtama hauishi kwa mvua hiyo yote. Unaishi kwa ile sehemu iliyoingia ardhini ikabaki pale mizizi inapofika. Maji yaliyotiririka kwenda korongoni, yaliyorudi angani kabla mbegu haijaota, na yaliyozama chini ya mizizi, yote yamehesabiwa na kipima mvua ingawa mmea haukuyaonja. Ukijaribu mbegu, mbolea, matuta au matandazo katika mazingira hayo bila kujua akiba ya maji iliyokuwamo udongoni, hutaweza kueleza kwa nini mbinu yako imefaulu mwaka huu na kushindwa mwaka unaofuata.

Kongwa ni ushahidi tulionao karibu. Mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa huko na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulifutwa mwaka 1951 baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo mashine zisizofaa na haraka ya wakubwa, lakini moja ilikuwa chini ya miguu yao: udongo wenye mfinyanzi, ambao ulilainika wakati wa mvua, ulikauka na kukaza hata karanga zikawa hazing'oki. Ilikuwa ardhi ile ile, ila miezi imebadilika. Waliipima ardhi hiyo kwa ekari, na wakachelewa kupima inavyopokea maji na inavyoyaachia.

Kwa hiyo anza na swali lako, kifaa kifuate. Nasisitiza hili kwa sababu mradi ukipata fedha, cha kwanza kuagizwa mara nyingi huwa ni kifaa, na swali hutafutwa baadaye ili kifaa kisikae bure. Mtu anayetaka kujua kama amwagilie leo au asubiri, anahitaji kujua mizizi inapata taabu kiasi gani kuvuta maji. Anayetaka kujua aina fulani ya mtama imetumia maji kiasi gani kutoa gunia moja anahitaji milimita za maji tabaka kwa tabaka, tangu juu hadi chini ya mizizi. Anayechunguza kama matandazo yanasaidia mbegu kuota anahitaji sentimita 10 za juu tu, ila azipime kila siku au kila baada ya siku mbili. Kifaa kinachomfaa wa kwanza kinaweza kumpotosha kabisa wa pili.

Hata hivyo, wote watatu watarudi kwenye mizani na oveni, na hapa nataka tukae kidogo. Vifaa vya kisasa havipimi maji yenyewe. Hupima tabia ya umeme katika udongo, au mwendo wa nyutroni, au nguvu inayohitajika kuvuta maji udongoni, kisha hukadiria maji kutokana na hicho kilichopimwa. Mizani ndiyo inayopima maji. Unatoa udongo kwa auga, unautia kwenye kopo la bati lenye namba na kifuniko, unafunga papo hapo, unaupima ukiwa mbichi, unaukausha kwa nyuzi joto 105 za Selsiasi kwa saa 24, unauacha upoe mahali pasipoingia unyevu, kisha unaupima tena. Kilichopungua ni maji.

Tuseme kopo tupu lina gramu 45. Likiwa na udongo mbichi lina gramu 198, na likitoka kwenye oveni lina gramu 177. Maji ni gramu 21 na udongo mkavu ni gramu 132. Gawanya 21 kwa 132 upate 0.159, yaani asilimia 15.9 ya uzito. Wapo wanaogawanya kwa uzito wa udongo mbichi, gramu 153, wakapata asilimia 13.7. Usifanye hivyo. Kigawanyo chetu ni udongo mkavu, kwa sababu huo haubadiliki, mvua inyeshe isinyeshe, na bila kigawanyo kisichobadilika huwezi kulinganisha wiki hii na wiki ijayo.

Asilimia hiyo ya uzito bado haijasema lolote juu ya shamba. Izidishe kwa densiti ya udongo, maana yake gramu za udongo mkavu zilizomo katika sentimita moja ya ujazo. Kama densiti ni 1.4, basi 0.159 mara 1.4 ni 0.223, yaani asilimia 22 ya ujazo. Sasa zidisha kwa unene wa tabaka. Tabaka la sentimita 30 ni milimita 300, kwa hiyo ndani yake mna milimita 67 za maji. Umeshafika kwenye kipimo kile kile cha mvua: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na ni lita 10,000 kwa hekta. Yule aliyegawanya kwa uzito mbichi angeandika milimita 58. Lita 90,000 kwa hekta zimetoweka kwenye daftari lake na shambani hazijaenda popote.

Kazi hii huharibiwa na mambo madogo. Kopo lisilofungwa vizuri likikaa juani ndani ya gari limekwisha kupoteza sehemu ya kile ulichokwenda kukipima, kwa hiyo nenda na boksi la kuhifadhia baridi, au angalau funika makopo kivulini. Pima makopo matupu kila msimu, maana kutu na mabaki ya udongo hubadili uzito wake. Umeme ukikatika usiku, usihesabu saa. Yapime makopo, yarudishe kwenye oveni, uyapime tena baada ya saa kadhaa, mpaka uzito utulie. Mfinyanzi mzito unaweza kupita saa 24. Na usiingize sampuli mbichi katikati ya kazi pamoja na zile zinazokaribia kukauka, kwa kuwa mvuke wake huzirudishia unyevu. Asiye na oveni karibu asijidanganye kwa kuanika juani, kwani udongo ulioanikwa bado umeshika maji, na mfinyanzi hushika mengi kuliko kichanga. Afadhali makopo yafungwe barabara na kusafirishwa hadi maabara, iwe Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, au TARI Mlingano mkoani Tanga ambako udongo ndio kazi yao, au maabara yoyote ya jirani yenye mizani ya kuaminika.

Densiti ndiyo inayopuuzwa kuliko yote, na naona uchungu kila nikisoma tasnifu nzuri iliyoikopa kutoka kitabuni. Ukitumia 1.3 ya kitabu wakati shamba lako, lililokanyagwa na trekta na ng'ombe, lina 1.5, umepunguza maji ya tabaka hilo kwa asilimia 13 msimu mzima, katika kila ploti. Kuipima si kazi ngumu. Silinda ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5.1 ina sentimita za ujazo 100. Chimba shimo pembeni ya ploti, safisha ukuta wake, ingiza silinda taratibu katika kila tabaka wakati udongo una unyevu wa wastani, kata kingo zote mbili zilingane, kausha, pima, gawanya kwa 100. Chukua silinda tatu au nne kwa kila tabaka. Ukiigonga kwa nyundo moja kwa moja unaukandamiza udongo na kupata namba ya uongo. Weka kipande cha mbao juu yake.

Zipo aina mbili za udongo zinazotaka tahadhari zaidi. Ya kwanza ni udongo wa majivu ya volkano, kama ule wa Rungwe na baadhi ya miteremko ya Kilimanjaro. Ni mwepesi, densiti yake inaweza kushuka chini ya 0.9, na hushika maji mengi mno. Fomula za jumla za vifaa vya umeme hukosea huko, mara nyingi kwa kuonyesha maji pungufu. Ya pili ni udongo mweusi wa mbuga. Huu huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, kwa hiyo densiti yake haitulii: inabidi uipime ukiwa umelowa na uipime tena ukiwa mkavu. Nyufa zake huachana na kifaa, na mvua ya kwanza hupita humo ikashuka moja kwa moja kandokando ya bomba lako, kisha kifaa kinakuambia kwamba kina cha sentimita 90 kimelowa kabla ya kina cha sentimita 30. Ukiona hivyo usishangilie ugunduzi. Nenda ukatazame ufa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo asilimia peke yake haiwezi kulisema. Dafu likiwa limejaa, unavuta maji yake kwa mrija bila taabu; yakibaki machache chini kabisa, unavuta kwa nguvu na unapata kidogo. Mzizi nao hupambana hivyo, na kiasi cha nguvu hiyo hutegemea aina ya udongo pamoja na kiasi cha maji. Katika mfinyanzi mzito, asilimia 20 ya ujazo iko karibu na pale mmea unaponyauka usiamke tena. Katika kichanga, asilimia hizo hizo ni zaidi ya kile ambacho udongo wenyewe ungeweza kukishika siku mbili baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo anayelinganisha asilimia za shamba la kichanga na za shamba la mfinyanzi, na kusema hili lina maji kuliko lile, hajalinganisha kitu chenye maana kwa mmea.

Nguvu hiyo ya kuvuta maji hupimwa kwa kilopaskali. Kwa kawaida tunachukua 33 kuwa pale udongo umeshachuja maji ya ziada, kwa kichanga 10, na 1,500 kuwa pale mimea mingi hunyauka kabisa. Tensiometa, lile bomba lililojaa maji lenye kikombe cha kauri chini yake, hufanya kazi vizuri hadi kilopaskali 80 hivi ukiwa Tanga mjini. Ukiipeleka Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ina shinikizo la kilopaskali 80 tu badala ya 101 za pwani, na tensiometa itaingiza hewa na kunyamaza mapema zaidi, pengine kabla haijafika 65. Kwa nyanya na vitunguu vya umwagiliaji hilo si tatizo, maana hungoji udongo ukauke hivyo. Kwa mtama wa kutegemea mvua ni kifaa kinachonyamaza pale ukame unapoanza.

Kwa kazi ya skimu za umwagiliaji nakipenda kifaa kinachoitwa Chameleon, kilichobuniwa na Richard Stirzaker na wenzake wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO. Vihisi vyake huzikwa katika vina tofauti, na taa huonyesha bluu udongo ukiwa umelowa, kijani ukiwa wa wastani, nyekundu ukiwa mkavu. Mpaka wa bluu na kijani uko takriban kilopaskali 20, na wa kijani na nyekundu takriban 50. Kilitumiwa na wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa. Wakulima waliozoea kufungua maji kwa zamu, hitaji liwepo lisiwepo, waliona bluu chini kabisa ya mizizi wakaanza kuruka zamu, na maji yaliyookolewa hayakuzamisha tena mbolea yao. Mtafiti ajifunze kutokana na hilo: kipimo kinachosomwa na mwenye shamba mwenyewe hubadilisha uamuzi asubuhi hiyo hiyo. Ila rangi tatu hazitoshi kukokotoa milimita ngapi mtama umetumia. Usiikabidhi Chameleon kazi ambayo haikuumbiwa.

Vihisi vya umeme ndivyo vinavyonunuliwa zaidi siku hizi. Msingi wake ni mzuri: katika kipimo cha namna udongo unavyoitikia umeme, maji yana thamani ya 80 hivi, madini ya udongo 3 hadi 5, na hewa 1, kwa hiyo ongezeko dogo la maji huonekana mara moja. Mwaka 1980 Topp, Davis na Annan walichapisha fomula iliyoufanya uhusiano huo utumike duniani kote kupitia mita za aina ya TDR. Baadaye vikaja vihisi vya kapasitansi, vya bei nafuu zaidi, ambavyo pia husumbuliwa zaidi na chumvi, joto na mfinyanzi.

Watengenezaji wengi huandika kwamba kihisi chao hakikosei zaidi ya asilimia 3 ya ujazo katika udongo wa kawaida. Tuifanyie hesabu ahadi hiyo. Asilimia 3 katika kina cha mita moja ni milimita 30. Dodoma, milimita 30 ni mvua nzuri ya siku nzima. Kama tofauti unayoitafuta kati ya matuta na kilimo cha kawaida ni milimita 20, kifaa kilichotumika jinsi kilivyotoka dukani hakiwezi kukuonyesha kwa uhakika. Ndiyo maana kukisanifisha kwa udongo wako mwenyewe, yaani kulinganisha kinachosomwa na kifaa na kile kinachopimwa na mizani, si hiari.

Njia ninayoipendekeza ni ya shambani. Siku unapotoboa shimo la kuingiza bomba au kihisi, usitupe udongo unaotoka. Uweke kwenye makopo kwa kila tabaka, upime unyevu wake, halafu soma kifaa mara tu kinapotulia. Hizo ni namba zako za ukavu. Kisha chagua mahali pawili au patatu nje ya ploti, weka bomba la ziada, zungushia kingo za udongo, mwaga maji mpaka yazame vizuri, ngoja siku mbili au tatu, soma kifaa na uchukue sampuli kando yake. Hizo ni za ulowevu. Rudia udongo unapokauka katikati ya msimu. Chora kilichosomwa na kifaa dhidi ya kilichopimwa na mizani, tabaka la juu peke yake na matabaka ya chini peke yake. Ukifanya hivyo utaweza kumtazama msimamizi wako usoni na kumwambia kosa la vipimo vyako ni kiasi gani.

Kipima nyutroni bado kina heshima yake, kwa kuwa hupima udongo mwingi kwa mara moja na hushuka kina chochote kupitia bomba moja. Kina chanzo cha mionzi, kwa hiyo lazima kisajiliwe na kutunzwa kwa masharti ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na hakiaminiki katika sentimita 15 hadi 20 za juu, kwa sababu nyutroni hutorokea hewani. Huko juu tumia mizani au TDR. Kuhusu setilaiti nitasema kidogo tu. SMAP, iliyorushwa mwaka 2015, huhisi sentimita 5 za juu kwa eneo la kilomita nyingi kwa pamoja. Inafaa kwa picha ya mkoa, na haijui kama ploti yako ipo.

Kuweka kifaa ardhini ni kazi ya mikono yenye subira. Pengo la hewa lenye unene wa karatasi kati ya kihisi na udongo hubadili kipimo, na hutaliona. Toboa shimo lenye kipenyo kidogo kuliko bomba kwa nywele tu, lisukume bila kulitikisa. Weka mapema, wakati udongo bado una unyevu wa kutoboleka, ili mvua chache zipite juu yake kabla ya kuanza kuandika. Waya uzikwe ukiteremka kidogo kabla ya kupanda kwenye kihisi, la sivyo maji ya mvua yatafuata waya hadi kwenye kihisi chenyewe. Upitishe ndani ya bomba gumu, kwa sababu panya hutafuna. Epuka vichuguu, njia za ng'ombe, na kivuli cha mbuyu au mkwaju ambao mizizi yake inafika mbali kuliko matawi. Kaa na wenyeji uwaeleze kile chombo ni nini na kwa nini hakina thamani kikitolewa hapo. Paneli ya jua iliyowekwa kimyakimya pembeni ya kijiji huibiwa. Ambayo mwenyekiti wa kitongoji na vijana wanaijua kazi yake hulindwa bila mshahara.

Je, sehemu ngapi kwa kila ploti? Udongo hubadilika hatua kwa hatua, na hilo lina hesabu yake. Ikiwa vipimo vya shamba lako hutawanyika kwa asilimia 3 za ujazo kutoka kwenye wastani, na unataka wastani wako usikosee zaidi ya 1.5, unahitaji sehemu 16 hivi. Ukiridhika na kosa la 3, sehemu 4 zinatosha. Wachache wana vifaa 16 kwa kila mbinu wanayojaribu, na ndiyo sababu nawashauri watumie badiliko badala ya kiasi. Bomba lile lile, kina kile kile, kati ya tarehe hii na tarehe ile: tofauti hiyo huwa haina kelele nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya kile kinachoitofautisha sehemu moja na nyingine hujifuta. Lakini kumbuka kwamba mabomba matatu ndani ya ploti moja si marudio matatu. Marudio ni ploti zenyewe. Wahakiki wa majarida hurudisha makala nyingi kwa kosa hilo, na wana haki.

Kwenye matuta, chagua kwa makusudi. Mgongo wa tuta hukauka haraka, mfereji hukusanya maji, na mmea uko katikati ya mambo hayo mawili. Weka sehemu moja mgongoni, moja mferejini, moja kwenye mstari wa mimea, kisha chukua wastani kwa uwiano wa eneo linalochukuliwa na kila moja. Kwa umwagiliaji wa matone, andika umbali kutoka tundu la tone. Sentimita 20 zinaweza kuwa tofauti ya matope na vumbi. Na ushuke chini kuliko mizizi. Maharage yanaweza kukuruhusu kuishia sentimita 60, lakini mtama kwenye udongo wenye kina huvuka mita moja, na anayeishia 60 atadai kwamba mtama umestahimili ukame kwa muujiza, kumbe ulikuwa unakunywa pale ambapo hakuangalia.

Ratiba nayo ifuate zao. Pima siku ya kupanda, kisha kila wiki kwa saa ile ile, na ongeza vipimo mahindi yanapotoa mbelewele na nywele, maana wiki mbili kabla na baada ya hapo ndizo ukame huumiza zaidi. Kipima mvua kiwe shambani kwako, hata kama kuna kituo cha hali ya hewa umbali wa kilomita 5. Mvua za Dodoma hunyesha upande huu wa barabara zikaacha ule. Kwenye daftari andika pia yasiyo namba: palizi ilifanyika lini, ng'ombe waliingia, kingo za tuta zilibomoka baada ya mvua gani. Andika kwa penseli, maana wino hufutika ukilowa, na piga picha ya kila ukurasa jioni hiyo hiyo.

Mwisho wa msimu ndipo hesabu inafungwa. Tuseme siku ya kupanda udongo ulikuwa na milimita 110 mpaka kina cha sentimita 120, mvua ya msimu ikawa milimita 320, na siku ya kuvuna zikabaki 80. Zilizoondoka ni milimita 350. Hizo si za mmea zote. Ndani yake yamo maji yaliyotiririka na yaliyozama, na usipoyapima utayahesabu kuwa yamenywewa na mtama. Kingo za bati kuzunguka ploti mbili tatu na pipa la kukusanyia maji yanayotiririka zinatosha kukupa makadirio ya haki. Tensiometa mbili chini ya mizizi, moja juu ya nyingine, zitakuonyesha kama maji yanaendelea kushuka. Ikiwa baada ya uchunguzi huo unaona hakuna kilichopotea na mavuno ni kilo 1,750 kwa hekta, basi mtama wako pamoja na uso wa udongo vimetumia mita za ujazo 3,500 kwa hekta, nusu kilo ya nafaka kwa kila mita ya ujazo.

Unapoandika jedwali, kila safu ya unyevu iwe na kina, kipimo cha uzito au ujazo, tarehe, siku tangu mvua ya mwisho, idadi ya ploti, densiti uliyopima, na kosa ulilolipata ulipokisanifisha kifaa. Na mabomba usiyang'oe baada ya mavuno. Pima siku ya kuvuna, upime tena kabla ya kupanda msimu unaofuata. Mbaazi hubaki shambani muda mrefu kuliko mtama na mizizi yake hukausha matabaka ya chini zaidi, kwa hiyo ploti hizo mbili haziuanzi mwaka mpya zikiwa sawa, na mwenzako atakayepanda mahindi juu yake atazihitaji namba zote mbili.